Waya wa Breki

Jumanne alfajiri baiskeli ilikataa kusimama.
Nilikuwa nimeichukua jana usiku tu kwa kaka yangu,
alikoizibia pancha wiki nzima.
Kwenye kiteremko cha Mijomboni nikabana breki,
breki ikaitika kwa hewa tupu,
nikajitoma katika michongoma ya Jumwa
na trei langu likaruka mbele yangu:
pupa mia na ishirini za kupeleka Gede,
zimelala kwenye pamba kama mayai ya mtu mwoga.

Niliokota arobaini na nane.
Zilizobaki zilikuwa uji wa kijani mchangani,
mabawa yasiyojua yangekuwa ya rangi gani.

Sisi wafugaji wa vipepeo twaziita pupa.
Lugha nayo ina kejeli zake:
pupa, kitu kilichojifunga kikangoja,
na pupa ile nyingine,
isiyojua kungoja.

Waya wa breki haukuwepo.
Haukukatika. Ulikatwa,
kwa koleo,
na mtu asiyekuwa na haraka.

Nikaingia msituni kwa miguu,
viwavi wangu hawajui kwamba mama yao ameanguka,
wao wanataka majani.
Wageni wakija Sokoke huuliza simba.
Hapa kuna bundi asiyezidi ngumi ya mtoto.
Kuna chura anayetaga juu ya mti, ndani ya povu.
Kuna mnana aliyeficha kiota chake miaka na miaka
hata wenye darubini wakachoka kumfuata.
Na kuna sange,
pua ndefu kama ya mdaku, matako ya dhahabu
kana kwamba alikalia rangi ya watu kabla haijakauka.
Sange huishi wawili-wawili,
lakini kila mmoja ana kitanda chake cha majani.
Nyanya yangu Nyevu alisema ndoa zote zingekuwa hivyo
kusingekuwa na kesi kwa chifu.

Kwenye njia ninayopita mimi, hiyo moja tu,
nimehesabu visiki kumi na tisa vya muhuhu.
Kisiki kibichi hunukia kama sanduku la bibi harusi.
Mti wenyewe umeshasafiri.
Sasa ni twiga mdogo rafuni, penye baridi,
na msitu huu haujawahi kuona twiga.

Karibu na kisiki cha kumi na tisa
mtu alikuwa amebana njia ya wanyama kwa vijiti,
akaacha mlango.
Mlangoni waya. Kwenye waya sange,
upande mmoja umekauka,
upande wa pili siafu wanaingia na kutoka
kama watu wa zamu.

Nikaufungua. Vidole viliujua kabla ya macho:
fundo la uzi wa bluu
nililofunga mwenyewe mwezi wa nne
ncha yake ilipoanza kufumuka.

Nikakaa chini.
Jumapili tulikula kwa Ngumbao, wali na mchuzi.
Nilipakua mara mbili. Nilisifu ukwaju.
Sikuuliza ni nyama gani.
Nilijua vya kutosha
kujua kwamba sitauliza.

"Msitu ni mkubwa," alisema jioni,
akinoa panga, hakuniangalia.
Kisha, polepole:
"Na Mbeyu, karo yake ya muhula wa pili ilitoka wapi?"
Jibu nililokuwa nalo lilikuwa na mifupa midogo midogo.
Nikalimeza.

Waya nimeurudisha kwenye baiskeli.
Mpya ni shilingi mia mbili na hamsini,
nami nadaiwa pupa sabini na mbili.
Umefupika kidogo, na karibu na mwisho
una kikunjo, mviringo mdogo
ambao nimeupiga nyundo ukakataa kunyooka.

Unashika vizuri.
Nikifika kiteremko cha Mijomboni nabana,
na ndani ya ala yake kile kikunjo
kinajivuta,
kinakwama,
kinaachia.